Kashata Zisizoona Moto

Chausiku binti Mwinshehe alikuwa na maneno machache na makali, na watu waliomjua uzeeni pale Kinondoni walidhani kazaliwa hivyo. Hakuzaliwa hivyo. Ujana wake ulikuwa wa kucheka, wa kuimba akiteka maji, wa kumtania hata mwadhini. Ukali aliupata baadaye, na kama mtu angemuuliza aliupatia wapi, angemwonyesha kopo kuukuu la oti aliloliweka dirishani, kisha angemwambia aende zake.

Mumewe wa kwanza na wa mwisho aliitwa Mfaume, seremala wa Temeke, mtu wa swala tano na mwenye mkono mzuri wa kuchonga milango. Alimwacha Chausiku kwa talaka moja, akanyamaza, eda ikaisha bila kumrejea. Sababu hazina haja ya kutajwa. Mwanamume akichoka hakosi sababu, na mwanamke akiachwa hakosi lawama. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Tabu, binti mwenye mwanya na sauti nzito kuliko umri wake. Chausiku aliondoka Temeke na nguo zake ndani ya bunda, mtoto mgongoni ingawa alikwisha kuwa mkubwa wa kutembea, na hakuwa na pa kwenda. Wazazi wake walikuwa wamekufa, na nyumba ya kaka yake ilijaa wake na watoto hadi uani.

Basi akapata kazi ya uyaya Osterbei, kwa wazungu. Miaka ile Waingereza walikuwa wamejijengea kule ufukweni, mbali na vumbi letu, na kila nyumba ilikuwa na kota ya watumishi kwa nyuma, karibu na kamba za kuanikia nguo. Chausiku alipewa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, paa la bati, na mlango wa kitasa. Mwanamke aliyezaliwa kwenye nyumba ya udongo na makuti aliiona saruji ile ni utajiri. Aliipiga deki asubuhi na jioni, hata siku ambazo haikuwa na uchafu.

Memsahib, yule bibi wa kizungu mwenye nyumba, alikuwa na masharti mawili. La kwanza, hakutaka watoto wa watumishi wakae pale. La pili, hakutaka moshi. Moto ukiwashwa kotani, moshi utaingia kwenye mashuka yaliyoanikwa, na mashuka yakinuka moshi yeye huumwa kichwa. Watumishi wote walikula ugali uliopikwa katika jiko la nyumba kubwa na mpishi, Gozbert, Mhaya wa Bukoba, sahani moja kwa kila mtu. Sharti la moshi Chausiku alilitii. Lile la mtoto alilivunja siku ileile aliyoajiriwa, maana angemtupa wapi?

Tabu akaishi kotani kwa kujificha. Mchana alifungiwa ndani, akafundishwa kucheza bila sauti na kukohoa ndani ya khanga. Mama alimletea nusu ya ugali wake. Lakini nusu ya sahani ya mtu mmoja haishibishi watu wawili, na mtoto mwenye njaa hulia, na mtoto akilia husikika. Chausiku alikuwa akimbembeleza bwana mdogo, mtoto wa memsahib, kwenye baraza la mbele, huku masikio yake yote yako kotani.

Ndipo ikaingia oti. Bwana mdogo alikunywa uji wa oti kila asubuhi, nafaka nyepesi, bapa, iliyokuja na meli ndani ya makopo. Joto la pwani halikuipenda. Kopo likikaa wazi kidogo tu linaingia fukusi, wale wadudu wa nafaka, na memsahib akiona fukusi mmoja huamuru kopo zima likatupwe. Gozbert alimwita Chausiku jikoni siku moja akamsukumia kopo.

"Chukua hii. Sie kwetu tusingeila hata kwa fimbo. Lakini nyie watu wa pwani mkishatia nazi, hata kokoto mnatafuna."

"Na nyie mnaokula senene mna la kusema?" Chausiku akamjibu, akalichukua.

Aliipepeta oti kwenye ungo, akaianika juu ya kipande cha bati juani mpaka fukusi wote wakahama na nafaka ikawa kavu, inavunjika mkononi. Akatafuna kidogo. Ilitafunika bila kupikwa, ila haikuwa na ladha ya kitu chochote. Akatoa kokwa kwenye tende, akaziponda ndani ya kinu kidogo cha viungo mpaka zikawa uji mzito. Akanunua njugu zilizokwisha kukaangwa kwa muuzaji wa barabarani. Hizo ziliona moto, lakini ulikuwa moto wa mtu mwingine. Akakuna nazi, akatwanga iliki, akachanganya vyote na oti, akakanda kwa nguvu zote hadi donge likaacha kushika vidole. Akalibandika kwenye sinia, akalikandamiza kwa kiganja kilichopakwa tui, akalifunika kitambaa kibichi na kuliweka kando ya mtungi wa maji penye baridi. Kulipokucha lilikuwa limeshikana. Akalikata kwa kisu mshazari, kama watu wanavyokata kashata.

Tabu alikula kipande cha kwanza amefumba macho. Alipofumbua akauliza kwa kunong'ona kama kuna kingine. Kuanzia hapo hakulia tena mchana. Chausiku alimwachia vipande vitatu vinne ndani ya kikopo, na akirudi humkuta mtoto kalala kwenye saruji, mdomo una chenga za nazi. Ilikuwa furaha, na Chausiku aliijua kuwa ni furaha wakati uleule ilipokuwa ikipita, jambo ambalo watu wengi hawajaliwi.

Siri haidumu penye muuza samaki. Mchuuzi mmoja wa Temeke, aliyekuwa akipita nyuma ya nyumba za wazungu na tenga lake, alimwona mtoto dirishani akamtambua kwa mwanya wake. Habari ikafika kwa Mfaume kabla samaki hawajaisha. Mfaume wakati ule alikwisha kumwoa Siwema, mwanamke mpole, mnene, ambaye hakuwa amejaliwa kuzaa. Akawaita wazee wa ukoo nyumbani kwa ami yake, na shehe wa mtaa awe mwamuzi. Chausiku akatumiwa neno alete mtoto.

Hakuogopa. Hapa ndipo mtu anatamani kumshika mkono amrudishe nyuma, lakini yaliyopita hayashikiki. Alijua kwamba shehe humwuliza mtoto aliyefikia umri wa kutambua anataka kukaa na nani, na alijua Tabu atajibu nini. Tena alikuwa na chumba cha saruji, alikuwa na kazi, na alikuwa na kashata zake. Akafunga vipande kadhaa kwenye pindo la khanga ili wazee wenyewe wavionje, waone kwamba mtoto huyu hali makombo.

Shehe alianza na mtoto, kwa upole.

"Tabu, mwanangu, unataka kukaa na nani?"

"Na mama," akasema Tabu, na sauti yake nzito ikasikika hadi uani kwa wanawake.

"Binti Mwinshehe, unakaa wapi?"

"Osterbei, shehe. Nina chumba changu. Chini saruji, juu bati, mvua haituoni."

Wazee wakatazamana kwa kuridhika. Bati wakati ule halikuwa jambo dogo.

"Na unapika wapi?"

"Sipiki, shehe. Memsahib hataki moshi."

"Na mtoto anakula nini?"

Chausiku akafungua pindo la khanga kwa fahari, akagawa. Wazee walitafuna. Shehe alitafuna, akalamba kidole, akasema ni tamu, akauliza zimepikwa kwa kitu gani. Chausiku alikuwa mtu wa kusema kweli, na hilo ndilo kosa lake pekee katika habari hii.

"Hazikupikwa. Nakanda tu, nazipumzisha."

Shangazi yake Mfaume, aliyekuwa mlangoni na wanawake, hakungoja ruhusa. "Mmesikia wenyewe. Mtoto wa watu kafichwa kama mali ya wizi, analishwa vitu visivyoona moto. Kuku nao wanalishwa hivyohivyo."

Shehe alijifuta vidole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linaudhi zaidi, kwa sababu mbaya unaweza kumlaani ukalala. "Binti Mwinshehe," akasema, "mwanamke ana mafiga matatu. Asiye na mafiga hana nyumba, ana mahali pa kulala. Mtoto atakaa na babaake. Siku utakapokuwa na mafiga yako, njoo umchukue mwanao, mie nitakuwa shahidi wako."

Tabu alishika khanga ya mama yake, ikabidi vidole vifunguliwe kimoja kimoja. Aliyevifungua ni Siwema, na alikuwa akimwambia mtoto kwamba kuna wali wa nazi jikoni, bado wa moto. Chausiku alirudi Osterbei peke yake. Alikuta bwana mdogo hajalala, analilia yaya.

Sasa watu watasema: kwa nini hakuacha kazi siku ileile akapange chumba, akawashe moto? Wanaosema hivyo hawajawahi kuachwa na mume wakiwa hawana kitu. Aache mshahara, apange kwa fedha gani? Kisha vita vikaja, vile vya Hitla, nafaka ikaadimika mjini, watu wakapanga foleni kwa unga wenye wadudu, na mwenye sahani ya uhakika hakuthubutu kuiacha. Makopo ya oti nayo yakawa haba, memsahib akaacha kuogopa fukusi. Chausiku akawa anaokota chenga za chini ya kopo, akiziweka akiba mpaka zitoshe sinia moja kabla ya Idi.

Maana Idi ndiyo iliyokuwa siku yake. Alipewa ruhusa, akaoga, akavaa, akatembea kutoka Osterbei hadi Temeke na kikopo chake chini ya kwapa. Hakuingia ndani, mtalaka hana haja na chumba cha mke mwenzie. Aliketi barazani, na Siwema alimletea maji na mkeka, na kila mwaka alimwambia, "Karibu ndani, dada," na kila mwaka Chausiku alisema, "Hapa panatosha." Tabu angetoka, amevaa nguo mpya, ananukia mafuta ya nazi na moshi wa kuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kula."

Mtoto alikula, na Chausiku alitazama akila. Hawakuwa na mengi ya kusema. Ukimwona mwanao mara mbili kwa mwaka, unamaliza muda wote ukimpima urefu.

Idi moja kulikuwa na mzee barazani, jirani aliyewahi kuwa saisi wa farasi wa wazungu. Alipewa kipande, akakitazama kwa karibu, akacheka bila nia mbaya. "Lo, hii naijua. Hii ni nafaka ya farasi. Mie nimewalisha kwa mikono hii hii." Watoto waliokuwa karibu walisikia. Kabla Chausiku hajafika njia panda, mtaa mzima wa watoto ulikuwa ukimwita Tabu mtoto wa farasi, wakimwinulia midomo na kukanyaga chini kwa miguu.

Idi iliyofuata Tabu alipokea kipande, akakishika tu. Chausiku aliona, na alielewa vibaya. Alidhani utamu umepungua. Akarudi akaongeza tende, akaongeza iliki, akatafuta asali ya nyuki kwa Mnyamwezi mmoja wa sokoni. Idi baada ya hiyo Tabu alisema, akitazama mkeka, "Mama, usiwe unaniletea hivi."

"Nitakuletea nini basi?"

Mtoto aligeuza macho mlangoni. Ndani Siwema alikuwa anapakua pilau, na harufu yake ilijaza baraza lote, ikaingia hata kwenye khanga ya Chausiku. Alitembea nayo njia nzima hadi Osterbei.

Vita vilipokwisha, wazungu wa Chausiku wakarudi kwao. Bwana mdogo, ambaye sasa alikuwa kijana wa kuvaa soksi ndefu, alimpa mkono kama anavyopewa mtu wa posta. Memsahib alilia kidogo, akampa vitu vya kumkumbuka, na kati ya hivyo lilikuwamo kopo zima la oti ambalo halijafunguliwa. Mwanamke yule aliyekataza moshi aliamini kabisa kwamba yaya wake anapenda oti kuliko chakula kingine chochote duniani.

Gozbert na mkewe Demetria walikuwa wamepata nyumba ya udongo Kinondoni, wakampangisha Chausiku chumba cha uani. Hakikuwa na saruji. Siku ya kwanza, kabla hata ya kutandika kitanda, alikwenda akatafuta mawe matatu. Alichagua kwa muda mrefu, akiyapima mkononi, akirudisha yale yenye ufa. Akayapanga uani, akachochea kuni, akainjika chungu cha maji tu, hakuwa na kitu cha kutia. Alikaa mbele ya moshi akiacha macho yatoke machozi. Demetria alimwuliza kama hajui kukaa upande usio na upepo.

"Najua," akasema Chausiku. "Niache."

Keshoye akaenda Temeke. Alimpitia shehe kwanza, kwa kuwa ndiye aliyesema atakuwa shahidi. Shehe alikuwa amekwisha kufariki, na mwanawe hakujua habari yoyote ya mafiga. Akaenda peke yake hadi kwa Mfaume, akamkuta akipiga randa mbao.

"Nimepata mafiga," akamwambia. "Nimekuja kumchukua mwanangu."

Mfaume aliweka randa chini. Kwa mara ya kwanza tangu waachane alimwonea haya. "Tabu kavunja ungo juma hili. Yumo ndani, kesha kabidhiwa somo wake wa kumfunda. Mwali hahamishwi, unajua mwenyewe. Tena ameshachumbiwa."

Alijua. Mwali akishaingia ndani hatoki mpaka atolewe, wala haendi kuanza unyago upya kwenye nyumba nyingine eti kwa sababu mamaake kapata mawe matatu. Chausiku alisimama penye takataka za mbao, akauliza kitu kimoja tu: mchumba ni nani. Fundi cherehani wa Kigamboni, akaambiwa, kijana mzuri. Akasema Mungu awajalie, akaondoka.

Ilibaki njia moja ya kuwa mama mbele za watu, nayo ni mkaja. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Posa ikija, mahari ni ya binti, kilemba ni cha baba, na mkaja ni wa mama, ule mfano wa kitambaa alichojifunga tumboni siku alipozaa. Wanawake wa upande wa bwana huja nao juu ya sinia, wakamfunga mama kiunoni mbele ya hadhara, vigelegele vikapigwa. Mtoto walimchukua na Idi zake ziliharibika, lakini tumbo lililombeba Tabu lilikuwa moja, na hilo Temeke nzima ililijua. Chausiku alijiambia akifungwa mkaja ule, yote mengine atayasamehe. Alimwambia na Demetria, na Demetria akamwambia ndivyo, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Siku ya arusi walikwenda wawili. Chausiku alivaa doti mpya ya khanga. Chini ya kwapa alibeba kikopo: alikuwa amelifungua lile kopo la memsahib, akakanda kashata nyingi kuliko alizowahi kukanda maishani, zenye tende na asali na nazi changa, kwa ajili ya wageni. Demetria alimshauri apike maandazi, sasa moto anao. Chausiku akasema hizi ndizo anazozijua mwanawe.

Ua wa Mfaume ulijaa wanawake. Tabu alikuwa chumbani na somo wake, hajatolewa. Wanawake wa Kigamboni wakaingia na masinia yao, wakiimba, na mkubwa wao akainua kitambaa cha mkaja juu ya kichwa.

"Mama wa mwali yuko wapi, tumfunge?"

Chausiku akasimama. Na upande wa pili wa ua, shangazi yake Mfaume, yuleyule, alikuwa amekwisha kumshika Siwema chini ya kwapa na kumsimamisha kwa nguvu. Siwema alitoka jikoni, mikono yake ina masizi, amechanganyikiwa. Nyimbo zikakatika.

"Mwenyewe ni huyu," akasema Demetria. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Kulea mimba si kazi," shangazi akajibu palepale, "kazi kulea mwana. Nani alikesha naye alipougua ndui? Nani alimpeleka chuoni kusoma Kurani? Tusitafutane maneno siku ya heri."

Misemo yetu ina tabia hiyo: kila mtu ana wake, na yote ni ya kweli. Wanawake wa Kigamboni walishauriana, kisha mkubwa wao akasema, "Sie ni wageni, hatukuja kuamua ugomvi. Mwenyewe yumo humo ndani, ana ulimi. Aulizwe."

Somo akaingia chumbani. Chausiku hakuwa na wasiwasi, na hilo Demetria alilisimulia miaka yote kwa masikitiko: kwamba shoga yake alitulia kabisa, hata alitabasamu. Alikumbuka ile sauti nzito iliyosema "na mama" hadi uani ikasikika. Mara ile mtoto alisema wakapuuza. Leo walikuwa wamekubali kumsikiliza.

Somo alitoka, hakumtazama mtu.

"Mwali anasema mkaja apewe aliyempikia."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Siwema alijifunika uso kwa khanga, akaanza kulia. "Dada, wallahi mie sikumtuma."

"Najua," akasema Chausiku.

Mwanamke wa Kigamboni alibaki na kitambaa mikononi, hajui ampelekee nani kwanza. Chausiku akavuka ua, akakichukua mikononi mwake. Alimzungushia Siwema kiunoni, mara moja, mara ya pili, akavuta, akakaza fundo hadi Siwema akashusha pumzi. "Simama vizuri," akamwambia. "Umepika, hukuiba." Kisha akachukua kikopo chake kilichokuwa kando ya masinia, ambacho hakuna mtu aliyekifungua, akaondoka na Demetria. Nyuma yao vigelegele vikaanza, kidogo kidogo, kwa kuwa arusi ni arusi.

Tabu hakusema uongo, na Chausiku hakuwahi kumwambia mtu kwamba alisema uongo. Mtoto aliulizwa, akajibu kwa haki. Miaka mingi ile harufu ya jikoni ilikuwa ya Siwema, na vidonda vya macho kwa moshi vilikuwa vya Siwema. Lakini haki nayo inaweza kumchoma mtu, na Chausiku ilimchoma hadi ndani, akabaki na kovu hilo. Hakucheka tena kwa sauti. Aliishi Kinondoni akiuza kashata zake kwa watoto wa mtaa, akinunua oti kwa Mhindi wa dukani, na watoto walizipenda sana, wala hawakuwahi kumwona farasi. Uani kwake mafiga yalikuwapo. Alipika ugali wake, alipika mchuzi wake, alimpikia hata Gozbert alipougua. Siku za namna moja tu hakuwasha moto: zile Tabu alipokuja kumtembelea.

Na alikuja, tena na tena, akivuka kwa pantoni kutoka Kigamboni, mwanamke mzima sasa mwenye mwanya uleule. Alikaa kwenye mkeka, akaongea habari za mumewe na za bei ya kitambaa, na mama yake akaitikia. Mara moja alijaribu. "Mama, siku ile nilikuwa mtoto, sikujua uzito wake." Chausiku akasema, "Ulijua vizuri. Kunywa maji." Hakuinua sauti.

Alipozaa akaja na binti yake, mkono kwa mkono, mtoto aliyeanza tu kusema. Walikuwa wametembea kutoka mjini juani, na mtoto alikuwa ana njaa. Alikimbilia uani kwanza, akayaona mafiga matatu yana majivu baridi, akarudi akamshika bibi yake goti.

"Bibi, umenipikia nini?"

Tabu, aliyekuwa anavua viatu mlangoni, akatulia na kiatu kimoja mkononi. Chausiku alinyoosha mkono dirishani, akashusha kopo, akatoa kipande, akakiweka kwenye kiganja cha mtoto.

"Sijakupikia kitu, mjukuu wangu," akasema. "Muulize mamaako. Mie huwa sipiki. Kula."